Hatua za Mzee Mita

Kasozi yote, mkubwa na mdogo, wanamwita Mzee Mita. Ukiuliza nyumbani kwa Telesphory ni wapi, utaangaliwa tu kama mtu aliyepotea njia, mpaka useme yule mrefu, yule wa mgodini, ndipo watakuambia, "Aa, Mita! Si ungesema?" Jina la Telesphory alipewa na padri siku ambayo hakuwa hata na meno. Hili la Mita alilipata kwa kazi, akiwa na miaka ishirini na mitatu, na alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Kasozi ni kilima kidogo juu ya ziwa. Ukitoka Ujiji ukaipita Kasingirima, bodaboda inakufikisha mpaka barabara inapochoka, halafu unapanda kwa miguu katikati ya michikichi na mihogo. Nyumba ya Mita iko katikati ya mteremko. Ni vyumba viwili na jiko la nje, na nyuma ya jiko kuna kaburi la mkewe, Esther, aliyefariki miaka tisa iliyopita kwa presha. Kulia kwa kaburi hilo mzee aliacha wazi nafasi ya mtu mmoja, tena mtu mrefu. Siku moja binti yake Frida alikuja kutoka Gungu kumsalimia, akaona eneo zuri limekaa bure, akataka kupanda matembele.

"Hapo usiguse," baba yake alimkemea. "Hapo ni pangu."

"Baba, wewe si mzima?"

"Mzima ndiyo, lakini ni pangu."

Frida akaachana naye. Matembele aliyapanda upande wa pili.

Sasa nisiwafiche, mzee yule alikuwa mpweke. Sisemi upweke wa kukosa wa kupiga naye soga jioni, nasema upweke hasa, ule wa kupika ugali wa mtu mmoja. Nani aliyewahi kupika ugali wa mtu mmoja ukaiva sawasawa? Ama unaungua ama unabaki mbichi, na ukibaki mbichi hakuna hata wa kukulaumu. Asubuhi alikuwa anazunguka nyuma ya jiko, anamsalimia kwa lugha ya kwao, "Mwakeye, mama Frida," kisha anampa habari. Ziwa limepanda tena. Fulani kafa. Fulani kahamia Kasulu. Akimaliza habari alibaki amesimama pale kwa muda, kisha anaenda zake shambani.

Na ziwa kweli lilikuwa limepanda. Miaka hii ya karibuni Tanganyika imekula mwambao bila huruma, na huku Kasozi ilimeza mlango wa mgodi wa zamani. Huo ulikuwa mgodi mdogo wa shaba, uliofungwa mwaka themanini na tatu mafuta ya mashine yalipokosekana. Mlango wenyewe ulikuwa chini kabisa karibu na maji, na kutoka hapo handaki lilizama ndani ya kilima. Maji yalipoingia humo, kilima kikaanza visa. Ukuta ukapata ufa huku, ardhi ikabonyea kule, na siku moja choo cha mtu kikatumbukia mchana kweupe, shimo na paa lake. Mungu mkubwa, hamkuwa na mtu ndani. Baada ya hapo serikali ikatuma mtu wa kuchora ramani ya mashimo ya zamani.

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, kavaa buti na kofia pana, begani kabeba mkoba wa vifaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda. Umetokea wapi?"

"Kwetu ni Same, ila kazi imenileta huku. Naitwa Aikande." Akakaa, akavua kofia. "Kazi yangu ni kutafuta migodi iliyoachwa. Nimezunguka nchi hii, Mzee, nimechoka. Kila mahali ni hadithi ile ile. Mashimo yapo, karatasi zimeliwa na mchwa, na waliochimba hawapo. Ukibahatika kupata daftari, mlango umezibwa. Ukibahatika kupata mlango, umejaa maji kama huu wenu. Wameniambia kati ya waliochimba Kasozi umebaki wewe tu."

"Nimebaki mimi," Mita alisema. Hakuwa amewahi kulitamka jambo hilo kwa mdomo wake, na lilimuuma kuliko alivyotegemea. Yona alikufa kwa kifua. Erasto alikwenda kwa mwanawe Dar es Salaam, akarudi ndani ya sanduku. Kundi lao lilikuwa la watu watatu tu.

Aikande akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi. Alilikuta kwenye stoo moja mjini, chini ya mafaili. Lilikuwa la nyapara wao, Wilfred, na mwandiko ulikuwa ule ule wa kulala upande mmoja.

"Hapa ameandika hatua mia moja na kumi na nane mpaka kwenye kona, halafu kushoto hatua sitini na nne. Hatua hizi ni za nani?"

"Za nani tena? Zangu!"

"Na hatua yako ilikuwa na urefu gani?"

"Binti, swali hilo unaniuliza mimi? Unadhani wananiita Mita kwa sababu gani?"

Akavua kandambili pale pale. Akajinyoosha, akapiga hatua kumi kutoka mlangoni mpaka kwenye mchikichi, mguu mmoja baada ya mwingine, shingo wima. Aikande akatandaza tepu yake ardhini, akainama, akasoma. Mita kumi na sentimita nne. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee, wewe si mtu, wewe ni kipimo!"

Majirani waliokuwa wamekusanyika kumtazama mgeni wakapiga makofi. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu yeyote ampigie Mita makofi. Alifurahi jamani, akachemsha chai, akatoa na mihogo ya kuchoma. Aikande akaandika kwenye kile kibao chake cha umeme kwamba hatua moja ni mita moja kamili, akashukuru, akaaga.

Hapo ndipo mzee alipokosea, na mimi simtetei. Alijua vizuri kwamba hatua za daftarini hazikuwa hizo.

Mambo yalikuwa hivi. Enzi zile mgodini kulikuwa na sheria moja tamu. Zamu ikishasogeza mwamba mbele kwa hatua moja na nusu, kazi imekwisha, inapanda juu hata kama jua bado liko utosini. Tepu ya kupimia ilikuwa imeoza kwa unyevu, nyingine haikuletwa, basi wakapima kwa miguu ya Telesphory, maana ilishapimwa ikaonekana hatua yake ni mita. Mwisho wa zamu alianzia mlangoni, akatembea mpaka mwambani akihesabu kwa sauti, na Yona na Erasto nyuma yake wakiitikia kila namba, ili Wilfred aliyekaa nje asikie na kuandika. Wilfred alikuwa na mguu mbovu na hakupenda kuingia. Alisimamisha karabai yake mlangoni, na mwanga wake ulifika hatua arobaini. Kutoka hapo ni giza.

Gizani hatua zilipungua. Tena zilipungua kweli, zikawa nusu mita na kitu kidogo tu, huku sauti zikipaa vilevile, Telesphory akiita na wenzake wakiitikia kwa nguvu kuliko waumini. Siku ya kwanza ilikuwa utani. Telesphory alikuwa ameoa wiki tatu tu kabla ya hapo, na Esther alikuwa akimngoja ufukweni na migebuka ya kuchoma. Alitaka kuoga na kukaa naye kabla jua halijazama. Utani ukanoga, ukageuka desturi. Mwamba ulisogea kidogo, daftari likasogea sana, na vijana watatu wakawa wanapanda juu mapema kila siku, wanacheka mpaka wanakaa chini. Shaba yenyewe haikuwa ya maana, mgodi ukafungwa, wakasahau.

Wiki mbili baada ya Aikande kuondoka, watu wa ofisini walikuja na ramani na kopo la rangi nyekundu. Ramani wakaibandika kwa mwenyekiti wa mtaa. Rangi wakaipeleka kwenye nyumba iliyo juu ya ile ya Mita, kwa mama mmoja anayeitwa Semeni, wakamchorea X ukutani, kubwa, ya kuonekana mpaka ziwani. Handaki linapita chini yako, walimwambia. Kabla ya mvua kubwa uwe umehama.

Semeni ni mjane anayekamua mawese, na analea wajukuu wanne. Nyumba ile aliijenga kwa miaka kumi na mmoja, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, mwaka mwingine bati sita. Siku waliyoichora X hakulia. Jioni alishuka kwa Mita na bakuli la dagaa wa mawese, na kichwani amebeba kinu.

"Mita, nitunzie kinu changu. Huko wanakotupeleka sijui kama nitapata pa kukiweka."

"Kiweke hapo. Karibu ukae."

Wakala pamoja. Semeni alikuwa anakula polepole, macho yakiwa ziwani.

"Wewe una bahati," alisema. "Mstari umekukwepa kidogo tu. Angalau mmoja wetu atabaki kuwachunga wengine." Kisha akaongeza, "Na mama Frida wako hatasumbuliwa."

Alisema hivyo bila kijicho hata chembe, na hicho ndicho kilichomchoma mzee. Alipoondoka, Mita aliwafunika dagaa waliobaki, akakiingiza kinu ndani, pembeni ya mlango.

Kesho yake asubuhi alikunja suruali mpaka magotini, akashuka ziwani. Mlango wa mgodi hauonekani siku hizi, lakini kipande cha reli ya vigari bado kimechomoza majini. Aliingia mpaka hapo, akaishika reli, akageuka kukitazama kilima. Kisha akaanza kuhesabu. Hatua arobaini za kwanza zilikuwa ndefu, za kweli. Baada ya hapo akafupisha, kama alivyokuwa akifupisha gizani.

Sasa wewe fikiria, mzee mrefu namna ile, anapanda kilima kwa vihatua vya kuku, anahesabu kwa sauti. Watu walisimama na majembe yao.

"Mita leo kapatwa na nini?"

"Uzee huo."

Mama mmoja mwenye ulimi akampigia kelele kutoka shambani, "We Mita! Mbona umepungua? Siku hizi tukuite Sentimita?" Wakacheka wote. Yeye hakugeuka.

Kilichomtesa si kicheko. Kilichomtesa ni kwamba kila alipotaja namba alinyamaza kidogo, bila kutaka, akisubiri kuitikiwa. Mwili ulikuwa unakumbuka. Hamsini na tatu, kimya. Hamsini na nne, kimya. Alipofika mia moja na kumi na nane hakuwa popote karibu na kwa Semeni. Alikuwa kwenye mihogo yake mwenyewe. Akakata kushoto. Akaipita mihogo, akalipita bafu, na kwenye hatua ya hamsini na moja akawa nyuma ya jiko lake. Akapiga nyingine tano, akasimama, maana ya sita ingemkanyaga mkewe.

"Yooo, Esther," alisema.

Akakaa kwenye ile nafasi yake aliyojiachia. Akapima kwa macho kutoka hapo mpaka kwenye ile X nyekundu kule juu. Mita thelathini na tano, haikuhitaji tepu. Hizo ndizo walizokuwa wameiba yeye na Yona na Erasto, na zote zilikuwa zimehamia kwa Semeni.

Siku tatu alikaa na jambo hilo. Nani angejua? Shahidi hakuwapo hata mmoja. Akinyamaza, nyumba yake inabaki, Esther anabaki, na siku yake ikifika analazwa pale kulia kwake, basi. Handaki likibomoka na kumchukua, alijiambia, shida iko wapi, atakuwa ameshafika. Akisema, wanamwondoa, na jina la Mita linakuwa kichekesho, na watoto wa Yona na Erasto wanaosifia baba zao waliopasua miamba watajua kwamba baba zao walikuwa matapeli. Aliyapanga yote hayo vizuri. Lakini kila alipoingia ndani alikikuta kinu cha watu kiko pembeni ya mlango. Akamsimulia Esther, na Esther kwa kweli hakujibu kitu. Angekuwa hai angeshamjibu zamani. Angesema, "Telesphory, acha ujinga." Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimwita hivyo.

Siku ya nne akavaa shati la kanisani, akapanda bodaboda mpaka Kigoma mjini.

Alimkuta Aikande kwenye chumba kidogo cha ofisi, anakula wali maharage juu ya meza iliyojaa karatasi. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Kumbe na wewe unakula peke yako?"

"Nimezoea, Mzee. Shikamoo. Karibu tule."

"Marahaba. Nimeshiba." Hakuwa ameshiba. Akakaa, akaweka kofia magotini. "Lile handaki halipiti kwa Semeni."

"Linapita wapi?"

"Wapi sijui. Ila kwa Semeni halipiti. Lifute tu."

Aikande akaweka kijiko chini. "Mzee wangu, shimo mimi siwezi kulifuta. Naweza kulihamisha tu. Nikilitoa kwa mama Semeni lazima niliweke mahali, maana lipo, lilichimbwa, na maji yameingia. Niambie niliweke wapi."

Mzee akaizungusha kofia. Nje bajaji zilipiga honi, zikaacha. Akajikaza.

"Liweke kwangu."

"Kwako sehemu gani?"

"Chini ya mke wangu."

Basi akamwambia yote, karabai na hatua arobaini na giza na migebuka. Hakujipunguzia hata kidogo. Alipofika pale alipopigiwa makofi siku ile, aliinamia kofia yake, akasimulia na hilo. Aikande hakumgombeza. Aliangalia ramani, akaangalia daftari, akafanya hesabu kwenye karatasi ya pembeni.

"Nilikwenda na tepu," alisema mwishowe, "nikapima mguu wako wa leo, nikaandika kwamba nimepima handaki. Kosa hilo ni langu, Mzee." Akaishika kalamu, hakuandika. "Kuna mwingine anayeweza kushuhudia?"

"Wote wamekufa, mwanangu. Ningekuwa na shahidi ningekuletea. Hata mimi mwenyewe ningependa kumwona."

Aikande akaiweka kalamu chini. "Ofisi haitakubali neno la mtu mmoja dhidi ya daftari," alisema. "Itabidi tuchoronge. Tutoboe pale unaposema, tuone. Lakini Mzee, unajua tukilikuta itakuwaje?"

"Najua."

"Na kaburi pia."

"Nimesema najua."

Mtambo wa kuchoronga ulipanda Kasozi kwenye lori, ukavunja mihogo yake safu mbili. Watu wote walikuwapo. Aikande akamuuliza waanzie wapi, na mzee akaonyesha kwa kidole, hatua nne kutoka kwenye kaburi, akasema karibu zaidi ya hapo hapana. Mtambo ukaunguruma, udongo mwekundu ukatoka, kisha wa kijivu, kisha unga wa mwamba. Mita tano. Mita nane. Mzee alisimama mbali, mikono nyuma. Baadaye alikiri kwamba wakati ule alikuwa anaomba awe amekosea. Alimwomba Mungu mwamba uendelee tu mpaka chini, ionekane kuwa uzee umemchanganya, acheke na watu, arudi ndani kwake.

Kwenye mita ya kumi na moja fimbo ya mtambo ikazama ghafla, na mafundi wakapiga ukelele. Wakauzima mtambo. Kutoka kwenye kile kitobo ikaja hewa ya baridi, yenye harufu ya mwamba mbichi na maji yaliyolala.

Semeni alikuwa nyuma ya umati. Alisogea polepole mpaka akafika kwa mzee.

"Mita, ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile tuliyokula dagaa ulikuwa unajua?"

"Siku ile nilijua kwamba si kwako. Kwamba ni hapa nilijua kesho yake."

Semeni akamtazama. Hakusema ahsante, na mzee hakuitaka. Alitandika kanga yake chini, akakaa, akapapiga-piga mahali pa pembeni kumwonyesha naye akae. Wakakaa pale mpaka lori likaondoka. Walikuwa watu wawili, lakini kila mmoja alikuwa na lake.

Ile X ya kwa Semeni ikapakwa chokaa. Nyingine ikachorwa ukutani kwa Mita. Frida akaja na mabegi, amekasirika na amelia, na hajui ni kipi kwanza.

"Utakaa kwangu Gungu, Baba. Chumba kipo, na wajukuu wako wapo."

"Sawa."

"Utazoea."

"Nimesema sawa, Frida. Mama yako je?"

Bwana afya alikuwa ameshaeleza. Kaburi litafukuliwa kwa heshima na sala zake zote, mama atahamishiwa makaburi ya mjini. Mzee akaomba apelekwe kwanza akaone mahali penyewe. Msimamizi wa makaburi, mtu mwenye haraka, akamwonyesha safu ndefu za misalaba.

"Atakuwa hapa, Mzee, mwisho wa mstari huu."

"Na mimi nitakuwa hapa pembeni yake?"

"Hapana, hatuhifadhi nafasi. Tunazika kwa mstari. Anayekuja anafuata mwenzake."

"Anayekuja yeyote?"

"Yeyote."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo nikitaka kulala hapa, nife wiki hii?"

"Baba!" Frida akamshika mkono kwa nguvu.

"Nauliza tu," akasema mzee. Lakini hakuwa anauliza tu. Usingizi wake wa miaka tisa ulikuwa umelala juu ya ile nafasi ya kulia. Alikula peke yake, akaumwa peke yake, akapita masika na viangazi peke yake, kwa sababu alijua upweke ule una mwisho na mwisho wenyewe ameuacha wazi nyuma ya jiko. Sasa hata huo haukuwapo.

Esther alizikwa upya siku ya Alhamisi, ndani ya sanduku dogo ambalo watu wawili walilibeba bila taabu. Katekista akasoma, Frida akaimba, Semeni naye alikuja, kafunika kichwa, kasimama nyuma kwa adabu. Aikande alikuja na buti zake, akaweka ua moja. Walipomaliza kusawazisha udongo, mzee akaona kwamba kulia kwa kaburi la mkewe kuna shimo lingine, jipya, limeshachimbwa.

"Hili la nani?" akamwuliza mchimbaji.

"Lina mwenyewe, Mzee. Wako njiani."

Frida akasema bajaji inasubiri, twende Baba, jua kali. Mzee akasema watangulie kivulini, yeye anangoja. Anangoja nini? Anangoja tu. Ikabidi wote wangoje.

Wakafika, wachache sana, hawakuzidi saba, nyuma ya pikapu. Marehemu aliitwa Anatoli, mlinzi wa ghala, mtu wa Kasulu, asiye na mke wala mtoto. Mwenye msiba alikuwa dada yake, mama mnene aliyechoka na safari. Nguvu ya kuzika haikuwapo, maana wanaume walikuwa wanne na wawili wao ni wazee. Mita akavua koti la kanisani, akampa Frida, akaomba koleo. Akafukia. Alifukia kwa utaratibu, bila kuvurumisha, akihakikisha udongo haumwagiki kwenye kaburi la jirani. Jasho lilimtoka, watu wakamwambia Mzee pumzika, akakataa. Alimaliza na wenzake mpaka msalaba ukasimama.

Kisha akamfuata yule dada.

"Pole, mama."

"Ahsante, Mzee. Mlifahamiana na marehemu?"

"Hapana. Huyu hapa pembeni yake ni mke wangu. Tumemleta leo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa mtu wa namna gani, ndugu yako?"

Yule mama akalitazama kaburi moja, akalitazama la pili, akaelewa anachoulizwa.

"Mpole, Mzee. Maneno machache. Hajawahi kugombana na mtu."

"Mke wangu alikuwa mwongeaji."

"Basi atamsikiliza. Kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi yake."

"Afadhali," alisema Mzee Mita, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu asiowajua.